Kijana Asiyeachwa Akue: Rosa Mistika, Orodha na Darasa la Kipaimara

Mchungaji anayefundisha kipaimara katika sharika za Karagwe na Kyerwa huingia darasani na Katekisimo Ndogo mkononi, na mbele yake wameketi watoto ambao wengi wao wamekwisha kuanza kufundishwa kwingine maana ya kukua. Mafundisho hayo wanayapata katika vitabu vya fasihi ya Kiswahili vinavyosomwa sekondari, na katika picha za sinema wanazoziona kwenye mabanda ya video ya Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, na siku hizi katika simu. Sisi wachungaji tumezoea kukiuliza kitabu cha hadithi swali moja tu: je, kinafaa au kinaharibu? Swali hilo ni dogo mno. Kabla ya kulifikia hatuna budi kuuliza kitabu kinasema nini juu ya kijana, na kama hayo kinayoyasema ni kweli.

Nianze na neno moja juu ya nchi yenyewe, kwa sababu wasomaji wetu wametoka pande nyingi. Ndugu zetu wa pwani na wa kusini wana jando na unyago, na waandishi wao wanapomwonyesha kijana akivuka kutoka utoto, msomaji anajua mto unaovukwa uko wapi. Banyambo na Bahaya hawakuwa na tohara ya jando wala kambi ya unyago. Katika tawala za Kihaya vijana wa kiume wa rika moja walikusanywa katika muteko, wakafunzwa utii na utumishi wa jumba la mtawala; msichana alifundishwa nyumbani na shangazi yake, kwa siri na kwa muda mrefu. Muteko ulikwisha pamoja na mamlaka ya watawala wale. Shangazi bado yupo, lakini mara nyingi yuko mbali, Bukoba au Mwanza, na anakuja kwa misiba. Kwa Mlutheri wa Karagwe, basi, kipaimara kimebaki karibu peke yake kama siku ambapo jamii nzima inakusanyika, inamvika mtoto nguo nyeupe, na kumwambia hadharani kwamba tangu leo atajibu mwenyewe. Mwandishi wa riwaya anayeandika juu ya kukua anaandika, katika nchi hii, juu ya kazi yetu.

Kitabu cha kwanza kinachostahili kusomwa hivyo ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili tunalochangia, na alisoma katika seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi. Jina la kitabu ni moja la majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kanisa Katoliki. Kitabu kilipotoka kilipigwa marufuku mashuleni, baadaye kikaja kuwa cha kusomeshwa, na nadhani wengi wa waliokizuia na wengi wa waliokiruhusu walikisoma kwa namna moja: kama onyo kwa wasichana. Mimi nasema kwamba onyo lililomo linaelekezwa kwanza kwa wazazi, na nyuma yao kwa wote wanaolea.

Hebu tuufuate mwendo wa hadithi. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria, mlevi, na Regina, mama mvumilivu. Kijana Charles anamwandikia barua. Baba anaigundua barua, na anampiga binti yake kipigo ambacho msomaji hakisahau. Tangu siku hiyo Rosa anawaogopa wanaume. Anapokwenda shule ya wasichana Mwanza yeye ndiye mtawa kuliko wote, hata wenzake wanamcheka. Ndipo hofu ile inapogeuka. Mtu aliyefundishwa kuogopa tu hana kitu cha kushika siku hofu inapomwacha. Na Rosa, akiwa mbali na fimbo ya Zakaria, anaanguka upesi na anaanguka mbali. Katika chuo cha ualimu Morogoro anakuwa wa kila mtu, anatoa mimba, na jina lake linachafuka. Baadaye anatubu kwa kweli. Anarudi nyumbani, anaishi vyema, na Charles yule yule wa barua anataka kumwoa. Charles anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Ninawaomba wasomaji watazame mpangilio huu kwa makini, maana hapa ndipo ufundi wa Kezilahabi ulipo. Rosa haangamizwi na dhambi zake za Morogoro. Wakati anapokufa dhambi zile amekwisha kuziacha. Anaangamizwa na mtu mwema, kijana mstaarabu, anayedai kwamba yaliyopita lazima yalipwe, na anayedai kwa utulivu, bila hata kuinua mkono. Zakaria alimpiga kwa sababu ya kosa ambalo hakuwa amelitenda. Charles anamkataa kwa sababu ya kosa ambalo amekwisha kulitubia. Katikati ya hukumu hizo mbili hakuna mahali pa mtu kusimama. Mtu aliyesoma Waraka kwa Wagalatia atautambua ulimwengu huu: ni ulimwengu wa sheria peke yake. Mtume anaisimulia sheria kama mlezi wa mtoto, ambaye kazi yake ina mwisho, kwani siku inakuja mrithi anapotoka chini ya wasimamizi. Katika nyumba ya Zakaria siku hiyo haiji. Rosa ana miaka ya mtu mzima, ana mshahara wa mwalimu, na bado ni mtoto mbele ya fimbo.

Katika Agano la Kale yuko ndugu yake Rosa, na ninashangaa kwamba sijaona wahakiki wakimtaja. Ni binti Yeftha katika Waamuzi sura ya 11, ambaye baba yake aliweka nadhiri kwa kinywa chake mwenyewe na binti akailipa kwa mwili wake. Binti yule aliomba miezi miwili aende milimani na wenzake kuulilia ubikira wake. Andiko halimwiti mwenye dhambi, wala halimsifu baba. Linaacha tu wasichana wa Israeli wawe na desturi ya kumwombolezea kila mwaka. Mara chache nimesikia mahubiri juu ya sura hiyo, na yale niliyoyasikia yalihusu umuhimu wa kutimiza nadhiri.

Mwaka ule ule wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kusema kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Nayataja haya kwa sababu kuna wanaosema kwamba riwaya hutia chumvi. Sheria ya nchi yenyewe ilikuwa ikisema kwamba msichana anavuka kwa kukabidhiwa, kutoka mkono wa baba kwenda mkono wa mume, na kwamba hakuna nchi katikati. Kezilahabi aliandika juu ya msichana aliyejaribu kuishi katika nchi hiyo isiyokuwapo.

Juu ya tamthiliya ya Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990, sitakaa sana. Wazazi wanaona kwamba kumfundisha mtoto habari za mwili wake ni kumharibu. Vijana wanajifunza kwa vijana. Joti anakufa kwa UKIMWI, na Anna anabaki na mimba na virusi. Nia ni njema na jambo ni la kweli. Lakini wahusika wanazungumza kama mabango yaliyobandikwa kwenye ukuta wa zahanati, na kijana anayeisoma anajua tangu ukurasa wa pili nani atakufa. Wachungaji tusicheke. Mahubiri yetu mengi ya Siku ya Vijana yameandikwa kwa kalamu hiyo hiyo.

Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 2006, ni kazi nyingine kabisa ingawa habari ni ile ile. Inaanza makaburini. Msichana wa kijijini aitwaye Furaha amekufa, na inajulikana kwamba ameacha waraka ambao anataka usomwe mbele ya watu siku ya maziko yake. Katika waraka huo, watu wanasema, kuna orodha. Wanaume wa kijiji wanaanza kutetemeka, maana kila mmoja anaamini kwamba jina lake limo, na wanafanya kila hila waraka usisomwe. Mwishowe unasomwa, na hakuna jina la mtu. Furaha ameorodhesha yale ambayo yangaliweza kumsaidia yeye na ambayo bado yanaweza kuwasaidia walio hai, mambo kama upendo, huruma na msamaha.

Sisi tuliokuwa watoto Karagwe katika miaka ya 1990 hatuhitaji kuelezwa ukimya ulio katika mazishi hayo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa katika Mkoa wa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu walizikwa kwa majina ya magonjwa mengine. Ilitangazwa kifua, ilitangazwa malaria, ilisemwa kwamba amerogwa na mfanyabiashara mwenzake wa ng'ambo ya mpaka. Mchungaji alisimama kando ya kaburi, mara nyingine makaburi mawili katika juma moja, naye akisema maneno yale yale. Reynolds ameelewa kwamba katika mazishi ya namna ile kila mtu alikuwa na orodha yake moyoni, na kwamba kilichoogopwa zaidi ya kifo ni kusomwa kwa sauti. Kwa hiyo tamthiliya ina nguvu kubwa jukwaani, hasa pale wanaume wanapohangaika, na watazamaji wanacheka kwa sauti ya watu wasiotaka kuonekana kwamba wananyamaza.

Kitheolojia pia Orodha imethubutu kitu. Aliyekosewa anashika mkononi uwezo wa kuwaaibisha waliomkosea, mbele ya kijiji kizima na mbele ya padre, naye hautumii. Hata hivyo nina shaka na mwisho huo, na ninaisema ili ijadiliwe. Kwa kuwa majina hayasomwi, wanaume wale wanakwenda nyumbani wakiwa wamepumua. Furaha amewasamehe kabla hawajaombwa kukiri lolote. Mapokeo yetu ya Kilutheri yameweka maungamo kabla ya ondoleo, wala si kwa sababu ya ukali. Mtu ambaye dhambi yake haikutajwa hajui ni nini alichosamehewa. Ninaogopa kwamba kijana wa kiume anayeisoma Orodha anafunzwa kwamba msichana mwema ni yule anayekufa bila kumtaja.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye lawama yangu kubwa kwa fasihi hii yote, iliyo nzuri na iliyo hafifu. Rosa anapata nafasi ya kujieleza akiwa mbele ya Mungu, baada ya kufa. Furaha anapata kusikilizwa akiwa ndani ya jeneza. Kazimoto, msomi kijana wa riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Kezilahabi huyo huyo, naye anaishia kujiua. Mtu angedhani kwamba katika nchi yetu kijana aliyeanguka hana sauti mpaka afe, na kwamba kukua na kufa ni jambo moja. Ng'ambo ya mpaka, katika ziwa Bunyonyi la nchi ya Wakiga, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Akampene. Huko zamani msichana aliyeshika mimba kabla ya kuolewa aliachwa afe kwa njaa au kwa maji. Wasomi wetu wanakisimulia kisiwa hicho kama ushenzi wa kale. Nami naona vitabu vyetu vya shule vimekuwa vikipiga kasia kuelekea huko huko.

Ukweli wa Karagwe na Kyerwa haufanani na vitabu hivi. Wengi hawakufa. Watoto walioachwa na wazazi katika miaka ile walilea wadogo zao, wakatunza migomba, wakajifunza kumkatalia mlanguzi aliyekuja kununua kahawa mbichi mtini kwa njia ya butura, au walishindwa kumkatalia na msimu uliofuata wakawa na akili zaidi. Wasichana waliozaa wakiwa na miaka 16 leo ni akina mama wa kwaya, ni wazee wa usharika, mmoja wao ni mwalimu wa Shule ya Jumapili kuliko wote niliowahi kuwaona. Kitabu chao kiko wapi? Hakijaandikwa kwa Kiswahili, au kama kimeandikwa hakijafika mikononi mwa wanafunzi wetu.

Lakini kwa mdomo kimesimuliwa, na jambo hili linawahusu sana Walutheri wa Kagera. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, na kuingia makanisa ya Bukoba tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 ulileta pamoja nao namna mpya ya kusimulia maisha ya mtu, yaani ushuhuda. Katika ushuhuda mtu anasimama akiwa hai, anayataja aliyoyatenda, anaitaja siku aliyoipokea neema, na anaketi. Askofu Josiah Kibira, aliyetoka katika uamsho huo na baadaye akawa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu kuanzia 1977 hadi 1984, alionyesha katika kitabu chake cha 1974 juu ya kanisa na ukoo jinsi ushirika wa waliookoka ulivyokuwa kama ukoo mpya kwao. Mtu alizaliwa humo mara ya pili, na alikuwa na mahali pa kulisimulia anguko lake. Ninaona kwamba ushuhuda ndio hadithi yetu wenyewe ya kukua, nayo imepita riwaya kwa jambo moja kubwa: msimulizi ameishi.

Sitaki kuusifu kupita kiasi. Ushuhuda uliozoeleka umekuwa na haraka. Dhambi zinatajwa kwa jumla, wokovu kwa tarehe, na miaka thelathini inayofuata haina habari. Tena mwanamume anayeshuhudia ujana wake wa pombe na wanawake husikilizwa kwa tabasamu, hali msichana akianza kushuhudia ya kwake, akina mama wanaanzisha pambio ili akae chini. Riwaya haina haraka hiyo. Laiti ushuhuda ungejifunza subira kwa Kezilahabi, naye Kezilahabi angejifunza kwa ushuhuda kwamba anayetubu anaweza kuamka kesho yake na kwenda kuchota maji.

Katika filamu, ile iliyokaribia zaidi kitu hiki imetoka Zimbabwe: Yellow Card ya John Riber, ya mwaka 2000. Kijana Tiyane, mchezaji hodari wa mpira, analala mara moja na rafiki yake Linda. Linda anapata mimba, na baadaye anamwachia Tiyane mtoto. Jina la filamu linajieleza kwa kila mtu aliyewahi kukaa pembeni ya uwanja: kadi ya njano ni onyo kwa mchezaji anayebaki mchezoni. Kijana anayeonekana humo akihangaika na mtoto mchanga anachekesha na anatia huruma, na kwa macho ya mtazamaji anakuwa mtu mzima kwa kulibeba lile alilolifanya. Nakubali kwamba ni filamu ya kufundisha, na kwamba mzigo wa Linda umeonyeshwa kwa upungufu. Yafaa pia tuangalie ni nani aliyepewa kadi ya njano. Ni mvulana. Wasichana wa vitabu vyetu wanapewa nyekundu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inamwacha msichana Yasmin aikimbie ndoa ya mzee aliyoozwa na aendelee kuishi, na kwa hilo peke yake inastahili kuonyeshwa katika mikutano ya vijana, ingawa najua wazee wa baraza watakuwa na la kusema juu ya baadhi ya picha zake.

Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa mimba warudi katika shule za serikali, baada ya miaka ambayo walikuwa wakizuiwa. Kwa hiyo leo msichana wa Kaisho au Mabira aliyejifungua anaweza kurudi darasani na kufunguliwa Rosa Mistika, huku katika sharika zetu nyingi yeye huyo huyo bado ametengwa na Meza ya Bwana hadi arudi kundini, na aliyempa mimba hakuulizwa. Shule imemtangulia mchungaji. Atakisomaje kitabu hicho, yeye aliyeko hai?

Katika somo la malezi ya kichungaji mimi huwasomesha wanafunzi wa mwaka wa pili sehemu ya mwisho ya Rosa Mistika, pale baba na binti wanapofika mbele ya Mungu, kila mmoja akijitetea. Ninawaomba waiendeleze kesi, waite mashahidi wanaowataka. Kila mwaka wanamwita Charles, na wanamwita mkuu wa chuo cha Morogoro. Wanamwita Regina pia, na hapo wavulana na wasichana wa darasa wanagombana. Mwaka jana mwanafunzi mmoja kutoka Kyerwa aliuliza kwa nini hakuna aliyemwita paroko wa kijiji kile, aliyembatiza Rosa na kumpa jina hilo. Saa nzima iliyobaki tulikuwa katika swali lake, na kengele ya chakula ilipopigwa tulikuwa bado hatujakubaliana juu ya atakayeulizwa kwanza.